Spritz ya Venezia nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Spritz ni kinywaji chepesi cha rangi ya chungwa ambacho watu wa mkoa wa Veneto, kaskazini mashariki mwa Italia, hunywa jioni kabla ya chakula. Viungo vyake ni vitatu na hahitajiki mtaalamu wa baa kuvichanganya. Pamoja na urahisi huo, glasi nyingi zinazotengenezwa nyumbani hutoka vibaya, na sababu ni karibu ileile kila mara: joto. Chupa haikupoa, barafu ilikuwa ya kuhesabu, gesi ikatoka kabla glasi haijafika mdomoni. Ukidhibiti baridi, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Majibu haya ni ya watu wazima waliotimiza miaka 18. Asiyetumia kilevi ana swali lake huko chini, na jibu lake ni kinywaji kamili, si cha kumpoza tu.

Vipimo vyake ni vipi?

Mililita 90 za prosecco (mvinyo mweupe wa gesi wa Italia), mililita 60 za Aperol (kileo kichungu cha mitishamba chenye ladha ya chungwa), na maji ya soda kidogo, kama mililita 30. Ndiyo ile hesabu ya tatu, mbili, moja. Chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, kinatambua vipimo hivyo, ila maji ya soda kinayaacha kwa macho ya mwandaaji.

Kama huna kipimo, kijiko cha chakula hubeba mililita 15: vijiko sita vya prosecco, vinne vya Aperol, viwili vya maji ya soda. Kwa prosecco ningetumia kikombe kidogo badala ya kijiko, kwa sababu kila ukikimimina kijiko unapoteza gesi. Ukitumia toti ya baa, angalia kwanza imeandikwa inabeba mililita ngapi, maana zipo za 25 na zipo za 30.

Naanza na nini, namaliza na nini?

Chukua glasi kubwa ya mvinyo mwekundu, ile yenye tumbo, inayobeba mililita 450 au zaidi. Glasi nyembamba ndefu ya shampeni haifai, maana barafu haiingii.

Ijaze barafu mpaka juu. Barafu iliyotoka tu kwenye friza ina unga mweupe wa jalidi na uso wake umekwaruza, na hapo ndipo gesi hupata mahali pa kujishika na kutoka kwa fujo. Kwa hiyo mwagia maji baridi kidogo, zungusha mara moja, kisha mimina maji yote nje. Vipande vikishang'aa, prosecco haitafura povu sana ukiimimina.

Sasa inamisha glasi na umimine prosecco taratibu ikiteleza kwenye ukuta wa ndani. Halafu Aperol, ukizungusha mkono ili ianguke sehemu mbalimbali. Mpangilio huu una sababu yake. Aperol ina sukari nyingi, kwa hiyo ni nzito kuliko mvinyo. Ikija ya pili inazama yenyewe: utaona mstari mwekundu ukipenya kati ya vipande vya barafu hadi chini, kisha rangi inapanda polepole mpaka glasi nzima inakuwa ya chungwa. Ukianza na Aperol, inakaa chini kama sharubati na itabidi ukoroge, na kukoroga kunafukuza gesi.

Malizia na maji ya soda. Ingiza kijiko kirefu hadi chini, kiinue mara moja tu, kitoe. Tia kipande cha chungwa. Peleka mezani saa hiyohiyo. Spritz haisubiri mgeni, mgeni ndiye anayeisubiri.

Kwa nini barafu nyingi hivyo? Si itakuwa majimaji?

Ni kinyume chake, na hapa ndipo watu wengi hubisha. Barafu ya friza ya nyumbani huwa na baridi ya nyuzi kama 18 chini ya sifuri. Kila kipande kinaweza kunyonya joto fulani kabla hakijaanza kuyeyuka. Vipande vikiwa vingi vinagawana kazi hiyo, kinywaji kinapoa haraka, kisha kuyeyuka kunapungua. Vipande vitatu peke yao vinabeba joto lote la glasi, vinayeyuka vyote ndani ya dakika chache, na unabaki na maji ya rangi ya chungwa.

Sababu ya pili ni gesi. Kabonidayoksaidi hukaa ndani ya kimiminika chenye baridi na hukikimbia kilicho vuguvugu. Maji ya nyuzi 20 hushika karibu nusu tu ya gesi ambayo maji ya nyuzi sifuri yangeishika, na kwenye nyuzi 30, joto la kawaida kabisa la jioni ya Dar es Salaam au Mombasa, hali ni mbaya zaidi. Hakuna prosecco ghali inayoweza kushinda kanuni hiyo.

Tumia vipande vikubwa kadiri unavyoweza, na vya maji safi: yaliyochemshwa au ya chupa. Ile barafu ya magogo inayouzwa kwa ajili ya samaki usiitie kwenye glasi. Hiyo iwe ya kupoza chupa kwa nje. Pia nusa barafu yako kabla. Friza nyingi za nyumbani zina samaki, nyama na vitunguu pamoja, na barafu hushika harufu. Kwenye juisi nzito huenda usigundue, lakini kwenye kinywaji cha gesi kila kiputo kinachopasuka kinakupandishia harufu hiyo puani.

Prosecco gani ninunue?

Usinunue ya bei kubwa. Uchungu wa Aperol utafunika ladha zile za hila ulizozilipia. Inayotakiwa ni safi, ya kawaida, na si tamu.

Prosecco halisi hutoka Veneto na mkoa jirani wa Friuli Venezia Giulia, na angalau asilimia 85 ya zabibu zake ni za aina ya glera. Tangu 2009 jina hilo linalindwa kisheria. Kwenye lebo tafuta herufi DOC. Ukiona DOCG, hiyo inatoka kwenye vilima vya Conegliano na Valdobbiadene au vya Asolo, ni ya daraja la juu zaidi, na ningeinywa peke yake. Vilima vya Conegliano na Valdobbiadene viliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2019.

Neno linalowachanganya wanunuzi ni Extra Dry. Ukilitafsiri haraka utadhani ndiyo kavu kupita zote, kumbe ni tamu kuliko Brut. Brut ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita, Extra Dry gramu 12 hadi 17, na ile iliyoandikwa Dry ni gramu 17 hadi 32. Kwa spritz chagua Brut, maana sukari ya Aperol inatosha.

Angalia pia kama imeandikwa spumante au frizzante. Spumante ina gesi nyingi, frizzante ni ya gesi hafifu. Ukiiweka frizzante kwenye barafu na maji, inalala kabisa.

Nilipo mimi prosecco haipatikani. Nitumie nini?

Mvinyo wowote mweupe wa gesi ulio mkavu utakubali. Cava ya Hispania ni chaguo zuri. Kwa Afrika Mashariki mara nyingi ni rahisi zaidi kupata Cap Classique ya Afrika Kusini, inayochachushwa mara ya pili ndani ya chupa yenyewe kama shampeni, wakati prosecco huchachushwa kwenye matangi makubwa ya chuma. Kwa sababu hiyo ina harufu kidogo ya mkate na ni nzito zaidi. Chagua iliyoandikwa Brut.

Epuka mvinyo wa gesi mtamu, ule wa kunywea keki kwenye sherehe. Ukiuchanganya na Aperol unapata kitu kinachonata mdomoni na glasi ya pili haiendi.

Aperol, Campari, Select, Cynar: tofauti ni nini?

Zote ni vileo vichungu vya mitishamba, na zote hutumika kwenye spritz huko Veneto. Ukienda Venezia mhudumu atakuuliza unataka ya nini.

Aperol ndiyo laini kuliko zote: kilevi asilimia 11, ladha ya chungwa mbele na uchungu nyuma. Mapishi yake kamili ni siri, lakini ndani yake mna machungwa, mizizi ya mmea wa gentiana, rubarbu na magome ya mkwinini, mti uleule uliotupa dawa ya malaria. Campari ni nyekundu, kali, chungu kwelikweli, na nguvu yake ni karibu asilimia 25. Ukiitumia, punguza iwe mililita 40 na uongeze maji ya soda. Select ni ya Venezia yenyewe, asilimia 17.5, iko katikati ya hizo mbili, na wenyeji wengi wa mji huo watakuambia ndiyo spritz yao hasa. Cynar, asilimia 16.5, ni ya kahawia na moja ya mimea yake ni artichoki. Ladha yake ni ya udongo na majani, na inapendeza kwa mtu anayependa kahawa bila sukari.

Anayeanza na aanze na Aperol. Akizoea uchungu, ajaribu Select akiiona, maana ina kina ambacho Aperol haina.

Naweza kuweka Sprite au toniki badala ya maji ya soda?

Hapana. Maji ya soda hayana sukari wala ladha. Kazi yake ni kurefusha kinywaji na kuongeza gesi. Sprite inaleta sukari juu ya sukari. Toniki na Krest zina sukari na uchungu wao wenyewe, unaogombana na ule wa Aperol. Maji ya kunywa ya chupa yenye gesi yanafaa kabisa, mradi yawe baridi na yafunguliwe wakati huo.

Chupa ya prosecco naifunguaje bila kuumiza mtu?

Hili lichukulie kwa uzito. Presha ndani ya chupa ya mvinyo wa gesi ni kubwa kuliko ya tairi la gari dogo, na huongezeka chupa ikipata joto. Kizibo kinaporuka kinaweza kumtoboa mtu jicho. Usiifungue chupa iliyotoka kwenye buti la gari au iliyotikiswa.

Ipoze kwanza: saa tatu au nne ndani ya jokofu, au nusu saa kwenye ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu. Maji ni ya lazima, kwa sababu barafu peke yake inagusa chupa hapa na pale tu. Konzi moja ya chumvi ndani ya ndoo huongeza kasi. Ukiiweka kwenye friza iwekee saa ikukumbushe, maana ikiganda inaweza kupasuka.

Ondoa karatasi ya shingoni. Weka dole gumba juu ya kizibo na usilitoe tena. Fungua waya uliokishika; kwa kawaida kijishikio chake kinazungushwa mara sita. Inamisha chupa kidogo, mdomo ukielekea pasipo na mtu wala taa. Shika kizibo kwa nguvu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine zungusha chupa, si kizibo. Utakisikia kinasukuma, kizuie kitoke pole pole, kwa pumzi ndogo badala ya mlio wa bunduki. Mlio ule ni gesi yako inayokwenda bure.

Chungwa au zeituni?

Vyote viwili. Chungwa lipo kila mahali duniani. Zeituni kubwa ya kijani kwenye kijiti ni desturi ya Venezia, na nipo upande wa Wavenezia kabisa. Chumvi ya zeituni inapunguza makali ya uchungu, na mwisho wa glasi unapata kitu cha kutafuna kilicholowa kinywaji. Chukua zeituni za maji ya chumvi, zisiwe za mafuta wala za vitunguu saumu, maana mafuta yakielea juu yanaua povu.

Chungwa likate nusu mwezi, unene wa kidole kidogo au pungufu, na maganda yake. Harufu iko kwenye ganda, ndani ya vile vitundu vidogo vyenye mafuta. Ukilikunja kidogo juu ya glasi utaona yananyunyizika kama ukungu. Machungwa yetu ya Muheza yana ganda la kijani hata yakiiva, kwa sababu usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha kuondoa ukijani. Rangi yake kwenye glasi haifanani na ile ya kwenye matangazo, lakini harufu ya ganda bichi ni kali na tamu, na mimi naipendelea kuliko ya machungwa yaliyosafirishwa yakiwa yamepakwa nta. Lioshe vizuri, kwa kuwa ganda linaingia ndani ya kinywaji.

Spritz ilianzia wapi?

Kuanzia 1815 hadi 1866 Veneto ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Masimulizi ya huko yanasema askari na wafanyabiashara kutoka kaskazini waliuona mvinyo wa Veneto una nguvu mno, wakazoea kuomba uchanganywe na maji. Hiyo ndiyo spritz ya mwanzo: mvinyo mweupe na maji, basi. Trieste na Udine bado wanainywa hivyo na kuiita spritz bianco. Chupa za maji ya soda zilipoenea, maji ya kawaida yakabadilishwa kwa yenye gesi.

Rangi ilikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 ndugu wawili, Luigi na Silvio Barbieri, waliizindua Aperol kwenye maonyesho ya biashara ya Padova. Mwaka uliofuata Select ikatokea Venezia. Wahudumu wa baa za mkoa huo walianza kuvitia vileo hivyo kwenye mvinyo na soda, na prosecco ikaja kuchukua nafasi ya mvinyo wa kawaida baadaye kabisa. Mwaka 2003 kampuni ya Campari iliinunua Aperol, na kwa matangazo yake glasi ile ya chungwa ikafika kila hoteli ya ufukweni, Zanzibar na Diani zikiwemo.

Padova na Venezia bado zinabishana ni nani mwenye spritz. Ukitaka kuona maisha yake halisi, nenda viwanja vya soko vya Padova jua linapozama, au Campo Santa Margherita huko Venezia: wanafunzi, wazee, watu waliotoka kazini, wote wamesimama na glasi moja moja, wakiongea.

Yangu haikutoka vizuri. Kosa liko wapi?

Kama imelala, haina gesi: prosecco haikuwa baridi, au uliimimina kwa kasi kutoka juu, au ulikoroga. Wakati mwingine ni glasi yenye mabaki ya mafuta ya sahani. Ioshe kwa maji ya moto na uisuuze mpaka isibaki na sabuni.

Kama ni tamu mno: angalia lebo, huenda ulinunua Dry au Extra Dry. Badilisha mvinyo kabla hujapunguza Aperol, maana ukipunguza Aperol unapunguza na uchungu, na bila uchungu spritz haina maana.

Kama ni chungu mno kwako: ongeza prosecco, si sukari. Na usikate tamaa kwa mkupuo wa kwanza. Ulimi hushtuka mwanzoni, kisha chumvi ya zeituni au ya korosho inaupatanisha.

Kama ni maji matupu: barafu ilikuwa chache au ilikuwa imeshaanza kuyeyuka kwenye bakuli, hasa kama umeme ulikatika mchana na friza haijarudi kwenye baridi yake. Barafu iliyolowa na kushikana haifai. Subiri igande upya.

Kama rangi imekaa tabaka mbili, ulitanguliza Aperol. Inua kijiko kutoka chini mara moja, itajipanga.

Inalevya kiasi gani?

Glasi moja ya vipimo hivi ina karibu gramu 13 za kilevi, sawa na bia ya mililita 330 yenye asilimia 5. Hatari yake iko kwenye ladha: ni baridi, ina gesi, inateremka kama juisi, na tatu zinaweza kupita kabla hujatambua. Desturi ya Veneto ni moja, labda mbili, pamoja na kitu cha kutafuna. Usiendeshe gari wala bodaboda baada yake. Mjamzito asiinywe, na anayetumia dawa aulize kwanza kwa mfamasia.

Jambo jingine kuhusu Aperol: rangi yake inatokana na rangi za chakula E110 na E124, na ina kwinini kidogo. Mwenye mzio wa vitu hivyo aiache.

Wageni wangu wengine hawanywi pombe. Niwaandalie nini?

Waitaliano wenyewe wana vinywaji vichungu visivyo na kilevi kwa ajili ya saa hiyohiyo ya jioni. Sanbittèr ni nyekundu na Crodino ni ya dhahabu. Zote huuzwa kwenye vichupa vidogo, zina gesi tayari, na zinahitaji barafu na kipande cha chungwa tu. Ukizipata dukani, umemaliza.

Usipozipata, choya inafanya kazi nzuri sana. Chemsha konzi moja ya choya kavu kwenye nusu lita ya maji kwa dakika kumi, pamoja na ganda la chungwa moja ulilolimenya bila nyama nyeupe. Epua, tia kijiko kimoja cha majani ya chai, subiri dakika tano, chuja. Chai ndiyo inayoleta ule ukakasi wa kukausha mdomo. Ongeza sukari vijiko vinne vya chakula ikiwa bado moto, iache ipoe, kisha changanya na juisi ya balungi kiasi cha nusu kikombe. Kwenye glasi iliyojaa barafu weka mililita 70 za mchanganyiko huo na ujazie mililita 110 za maji ya soda baridi. Chungwa na zeituni kama kawaida. Uchungu wa balungi ni wa lazima, maana bila huo inakuwa juisi ya choya yenye gesi, tamu lakini si ya kufungua hamu ya chakula.

Tahadhari moja kwa mwenyeji: mvinyo unaoitwa usio na kilevi mara nyingi huwa na kiasi kidogo, hadi asilimia 0.5. Mgeni anayejizuia kwa sababu ya dini aambiwe, aamue mwenyewe. Na glasi zake zisichanganywe na nyingine.

Inaliwa na nini?

Vitu vya chumvi na mafuta, vidogo vya kushika mkononi. Kwenye baa ndogo za Venezia, ziitwazo bacari, meza ya mbele huwa imejaa cicchetti: vipande vya mkate vyenye chewa mkavu aliyepondwa na mafuta mpaka akawa laini kama krimu, dagaa wa kukaanga waliolazwa kwenye vitunguu na siki, nusu yai la kuchemsha lenye samaki wa chumvi juu yake.

Wale dagaa wa siki, sarde in saor, mtu wa pwani atawaelewa mara moja, na atawapika vizuri. Nyumbani weka pia korosho za kukaanga, karanga za chumvi, krispi za muhogo, bajia. Kitu kimoja nakushauri ukiache kando ni pilipili kali. Gesi na uchungu vikikutana na pilipili, mdomo unawaka na ladha ya kinywaji inapotea yote.

Nikishaweza spritz, nijaribu nini kingine?

Bellini ndiyo ndugu yake mpole. Giuseppe Cipriani aliitengeneza kwenye Harry's Bar ya Venezia mwaka 1948: sehemu moja ya mafyulisi meupe yaliyosagwa, sehemu mbili za prosecco, bila barafu, glasi ikiwa baridi. Mafyulisi ya Lushoto yaliyoiva barabara yanafaa, hata kama si meupe. Embe lisilo na nyuzi linafaa pia, ingawa hapo jina la Bellini tuliache kwa wenyewe.

Negroni Sbagliato ni ya Milano, kutoka Bar Basso ya Mirko Stocchetto mwanzoni mwa miaka ya 1970: Campari, vermuthi nyekundu (mvinyo uliotiwa mitishamba) na mvinyo wa gesi, vyote sawa kwa sawa, juu ya barafu. Ni nzito kuliko spritz. Hugo, ya milimani Alto Adige, inatumia sharubati ya maua ya mti wa elda na mnanaa mahali pa Aperol, na haina uchungu wowote.

Nina wageni kumi. Ninunue chupa ngapi?

Hesabu glasi mbili kwa kila mtu, yaani 20. Utahitaji lita 1.8 za prosecco, ambazo ni chupa tatu za mililita 750 na akiba kidogo, lita 1.2 za Aperol, yaani chupa mbili za mililita 700. Na maji ya soda lita moja, kwa kuwa kuna watakaoomba nyongeza. Barafu usiwe mchoyo: kilo nne za glasi, na nyingine tano za ndoo ya kupozea. Machungwa matatu makubwa yanatosha.

Usichanganye kwenye jagi mapema. Gesi itakuwa imekwenda kabla mgeni wa tatu hajakaa. Panga glasi mezani, chungwa likiwa limekatwa tayari, chupa zikiwa ndani ya ndoo, barafu itoke friza wakati wa kumimina, kisha tengeneza glasi nne nne.

Zilizobaki nizihifadhi vipi?

Prosecco iliyofunguliwa inaishi siku moja, labda mbili, ikiwa na kizibo maalumu cha mvinyo wa gesi kinachobana shingo, na ikiwa jokofuni imesimama. Kijiko cha chuma kilichoning'inizwa kwenye mdomo wa chupa hakizuii gesi hata kidogo. Ikishalala, itumie kupikia samaki au kuku wa mchuzi mweupe.

Aperol inadumu miezi kadhaa baada ya kufunguliwa ikifungwa vizuri na kukaa mbali na jua. Kwa kuwa kilevi chake ni kidogo na pwani ni joto, iweke kwenye mlango wa jokofu. Wageni wengine wakija itakuwa imeshapoa.